Dawa Isiyokubali Maji



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu safu yetu inajibu barua ya mama mmoja ambaye jina lake tunalihifadhi. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 15, ameandikiwa na daktari dawa ya maji ya kupaka usoni kwa ajili ya chunusi. Ndani yake mna kiuavijasumu kiitwacho erithromisini. Mama alipoifungua chupa alipigwa na harufu kali ya spiriti. Akasoma kibandiko, akaliona neno alkoholi, na shaka ikamwingia moyoni. Anatuuliza mambo matatu. Kwanza, je, spiriti hiyo ni ya lazima, au ni mazoea tu ya watengenezaji wa nchi hizi? Pili, je, anaweza kuipunguza makali kwa kutia maji yaliyochemshwa? Tatu, kwa kuwa anavyo nyumbani vidonge vya erithromisini vilivyobaki, je, si bora avisage, avichanganye na maji ya waridi, apate dawa ile ile isiyo na kileo?

Tunamshukuru mama huyu, kwani maswali yake si yake peke yake. Wengi wetu tumewahi kujiuliza hayo, na wengine wamekwisha kutenda kabla ya kuuliza. Tena yanatokana na nia njema: kumtibu mtoto bila ya kuvuka mipaka ya dini. Kwa hiyo tumeona tuyajibu kwa urefu. Neno "usifanye" likitolewa peke yake halimfundishi mtu kitu, na mwenye kukatazwa bila ya kuelezwa aghalabu hufanya kwa siri.

KWA NINI MAJI HAYATOSHI

Sote tunajua tangu jikoni kwamba maji hayapokei kila kitu. Sukari ikitiwa katika chai hupotea. Samli ikitiwa katika maji huelea, ikorogwe namna itakavyokorogwa. Tone la attari likiangushwa katika bilauri ya maji hutanda juu, lakini likitiwa katika spiriti hupotelea humo, na ndiyo sababu manukato mengi ya madukani hutengenezwa kwa spiriti. Kila kitu kina kimiminika kinachopatana nacho.

Erithromisini ni dawa iliyotokana na udongo. Mwaka 1949 daktari wa Kifilipino, Abelardo Aguilar, aliipelekea kampuni ya Eli Lilly ya Marekani udongo wa mkoa wa Iloilo, na mwaka 1952 dawa iliyopatikana kwa viumbe vidogo vya udongo huo ikatangazwa. Imeponya watu wengi, lakini tabia yake ni karibu na ya attari kuliko ya sukari. Mililita 1 ya maji huyeyusha takriban miligramu 2 tu za dawa hii. Ilhali dawa ya kupaka ya chunusi mara nyingi huwa ya asilimia 2, maana yake gramu 2 katika kila mililita 100, yaani miligramu 20 katika kila mililita 1. Mwenye kupiga hesabu ataona mara moja kwamba kinachotakiwa ni mara kumi ya kile ambacho maji yanaweza kukibeba. Fungu moja kati ya kumi litayeyuka. Mafungu tisa yatakaa chini kama mashapo.

Huenda mtu akasema: "Basi tuyachemshe maji, mbona sukari huyeyuka upesi zaidi katika maji ya moto?" Hoja ni nzuri, lakini dawa hii ina kioja chake. Kitabu rasmi cha dawa cha Ulaya kinaeleza kwamba kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo erithromisini inavyopungua kuyeyuka. Kwa hiyo birika halisaidii. Wala ndimu na siki hazisaidii, kwa sababu asidi huivunja dawa hii. Ndiyo maana vidonge vyake vingi vya kumeza huvishwa gamba maalumu ili vipite tumboni bila ya kuharibika.

Dawa hiyo hiyo ikitiwa katika alkoholi huyeyuka kwa wepesi. Hili basi ndilo jibu la swali la kwanza: spiriti iliyomo chupani haikutiwa kwa ajili ya harufu wala kwa mazoea. Ndiyo inayoibeba dawa. Katika baadhi ya dawa za namna hii zilizouzwa Marekani, alkoholi ilifika asilimia 66. Aghalabu huongezwa propilini glikoli, kimiminika kizito chenye utelezi, ambacho husaidia kuyeyusha na kuizuia ngozi isikauke mno.

KAZI YA MFAMASIA

Wengi wetu tunamwona mfamasia kama muuzaji anayetoa boksi rafuni na kubandika jina la mgonjwa. Inafaa tujue kazi inayofanyika pale dawa kama hii inapochanganywa kwa mkono.

Mfamasia huanza na unga halisi wa dawa, si vidonge. Husoma cheti cha unga huo, kwa sababu viuavijasumu havilingani nguvu kutoka mfuko hadi mfuko, na hesabu yake hufuata nguvu iliyoandikwa. Huupima kwa mizani inayoonyesha hata sehemu ndogo za gramu. Kisha huutia katika alkoholi iliyo pungufu ya kipimo cha mwisho, akaukoroga hadi usionekane, akaongeza propilini glikoli, na mwishoni kabisa akajazia mpaka kwenye alama ya mililita 100. Hamimini tu mililita 100 juu ya gramu 2, kwa kuwa unga nao una nafasi yake, na kipimo kingezidi.

Utaratibu huo una sababu. Kama kanuni ya dawa inataka maji kidogo, hayo hutiwa mwisho na polepole. Kina mama wanaijua siri hii bila ya kuiita kemia. Dettol ikiwa chupani ni angavu. Ikimiminwa katika ndoo ya maji, papo hapo maji yanageuka meupe kama tui. Weupe ule ni mafuta ambayo yalikuwa yametulia chupani kwa msaada wa alkoholi na sabuni, na maji yalipozidi yakashindwa kubaki yameyeyuka, yakajigawa matone madogo mno. Kwa Dettol jambo hilo halina madhara, imetengenezwa hivyo. Kwa dawa iliyopimwa kwa miligramu, ni kuharibika kwa kipimo.

Dawa ikiisha kuchanganywa, mfamasia huiinua mbele ya mwanga. Ikiwa angavu, bila ya chembe wala ukungu, hutiwa katika chupa yenye kifuniko kinachobana, kwa kuwa alkoholi ikipaa kilichobaki huzidi ukali, hata unga ukaanza kuganda shingoni mwa chupa. Kisha huandikwa jina la dawa, nguvu yake, tarehe ya mwisho, na maonyo mawili: ni ya kupaka tu, na iwekwe mbali na moto.

Hata viwanda vikubwa havikuweza kuikwepa kazi hii. Dawa iitwayo Zineryt, yenye erithromisini na zinki, ilijulikana Uingereza kwa miaka mingi. Ilitoka kiwandani ikiwa unga upande mmoja na kimiminika chenye alkoholi upande wa pili. Mfamasia ndiye aliyevichanganya siku ya kumpa mgonjwa, na tangu siku hiyo ilikuwa na wiki 5 tu za kutumika. Nyingine, Benzamycin ya Marekani, ilimtaka mfamasia auyeyushe unga wa erithromisini kwa alkoholi kidogo, mililita 3 kwa kopo dogo, kisha aukoroge ndani ya jeli yenye benzoili peroksaidi. Ikawekwa katika friji, na baada ya miezi 3 ikatupwa. Sababu ni kwamba dawa ikiisha kuyeyuka huanza kuzeeka upesi kuliko ilipokuwa unga mkavu.

MAJI NDANI YA CHUPA, VIDONGE NDANI YA MAJI YA WARIDI

Sasa tulijibu swali la pili. Mwenye kutia maji nusu kwa nusu hapunguzi harufu tu. Kwanza, ameifanya dawa ya asilimia 2 kuwa ya asilimia 1. Pili, alkoholi iliyokuwa 66 sasa ni kama 33, na katika mchanganyiko huo dawa inaweza kushindwa kubaki imeyeyuka, ikajitenga kama ukungu au mashapo. Hapo mtoto atakayepaka kutoka juu ya chupa atapaka maji yenye harufu. Siku atakapofika chini atapaka unga mzito utakaomchoma uso. Chupa ni ile ile na jina ni lile lile, lakini hakuna siku anayopata kipimo alichoandikiwa.

Na vidonge je? Tupige hesabu pamoja. Vidonge 8 vya miligramu 250 ni gramu 2. Tukivisaga na kuvitia katika mililita 100 za maji ya waridi, kitakachoyeyuka ni takriban miligramu 200, yaani pungufu ya kidonge kimoja. Vidonge saba na zaidi vitakaa chini, pamoja na wanga, rangi na magamba ambayo hayakukusudiwa ngozi. Tena si kila kidonge cha erithromisini ni kitu kimoja. Ipo iliyofungwa na kemikali nyingine, kama erithromisini ethili suksineti, ambayo haifanyi kazi mpaka mwili uivunje kwanza. Ikipakwa juu ya ngozi haina hakika ya kuvunjwa. Na maji ya waridi, pamoja na uzuri wake, hayana cha kuzuia vijidudu visiote humo yakikaa wiki kadhaa kwenye rafu ya bafuni.

Hapa hatuna budi kugusa jambo ambalo wengi tumelikuta kwetu Afrika ya Mashariki na wengine tumekuja nalo ughaibuni: kufungua kapsuli, zile tunazoziita rangi mbili, na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga ule haujapimwa kwa kidonda, wala haujasafishwa kwa kidonda. Pale unapokutana na unyevu hugandamana, huku ukizidi na huku ukikosekana kabisa. Ikiwa kapsuli ni ya jamii ya penisilini, kama ampisilini, kuna hatari zaidi: kuiweka penisilini juu ya ngozi kunaweza kuufundisha mwili kuichukia, na siku mtu huyo atakapoimeza au kuchomwa sindano kwa ugonjwa mkubwa, mwili ukaipinga kwa namna inayoweza kuua. Kwa sababu hiyo tiba iliacha kupaka penisilini kwenye ngozi.

Tusichanganye jambo hili na dawa ya watoto ya unga, ambayo huongezwa maji tukaambiwa tuitikise. Ile imetengenezwa makusudi isiyeyuke yote. Imewekewa kitu cha kuushikilia unga usizame upesi, ndipo mtikiso mmoja ukaugawa sawasawa. Nayo ina siku zake, 7 au 14 kwa mujibu wa kibandiko.

JINA MOJA, VIMIMINIKA VIWILI

Tutoe mfano mwingine, maana huu umewahi kuwatia watu machozi kwa maana halisi ya neno. Kloramfenikoli ni kiuavijasumu kingine kisichopendana sana na maji: gramu 1 huhitaji mililita 400. Kwa ajili ya macho hutengenezwa matone ya asilimia 0.5, na hata hayo huhitaji kusaidiwa na asidi ya boriki na boraksi ili yayeyuke na yasiliumize jicho. Kwa ajili ya masikio, inapotakiwa nguvu ya asilimia 5 au 10, maji hayawezi tena, hivyo huyeyushwa katika propilini glikoli. Sikio laweza kuivumilia, jicho huungua. Mtu anayesoma jina kloramfenikoli peke yake, akachukua chupa ya sikio la baba akamtilia mtoto jichoni, amesoma nusu ya kibandiko. Chupa ya macho nayo huwekwa kwenye friji, na aghalabu hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, hata kama imebaki nusu.

AMA KUHUSU KILEO

Sisi ni walimu wa darasani, si wanavyuoni wa fiqhi, na hukumu ya jambo hili ina wenyewe. Tunachoweza kueleza ni yale yaliyo wazi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu mgonjwa Mwislamu kutumia dawa yenye kiasi cha alkoholi endapo hakuna nyingine ya kushika nafasi yake, kwa sharti iwe imeandikwa na tabibu anayeaminika. Ama juu ya alkoholi inayopakwa nje ya mwili, na kama ni najisi au si najisi kwa sala, wanavyuoni wamekhitalifiana, na kila familia imuulize shekhe wake.

Lakini sharti lile la "hakuna nyingine" ni swali la mfamasia pia, na hapa elimu inamsaidia mwenye dini. Wanakemia wana njia mbili za kuishughulikia dawa isiyokubali maji. Ya kwanza ni kubadilisha kimiminika, ndiyo ya spiriti. Ya pili ni kuibadilisha dawa yenyewe. Klindamaisini ni mfano: ikiungwa na fosfeti huyeyuka katika maji bila ya taabu, na ikifika kwenye ngozi vimeng'enya vyake huikata fosfeti ile, dawa ikawa huru kufanya kazi. Kwa hiyo imewezekana kuitengeneza kama losheni na jeli zisizotegemea spiriti. Mtu mwenye shaka anaweza kuuliza kama ipo ya namna hiyo inayomfaa.

Vilevile tusitishwe na kila neno alkoholi. Setili alkoholi na setostearili alkoholi, zinazoonekana katika krimu nyingi, ni nta nyeupe ngumu. Hazileweshi wala hazinuki kama kileo. Kwa wanakemia, alkoholi ni jina la ukoo mkubwa, si la mtu mmoja.

LILILO KUBWA ZAIDI

Tumalizie na jambo ambalo mama hakuliuliza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 matabibu waligundua kwamba bakteria wa chunusi wanaanza kuwa sugu kwa erithromisini. Ndiyo maana mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, uliotolewa mwaka 2021, hautaki kiuavijasumu cha kupaka kitumike peke yake kwa chunusi. Hutakiwa kiandamane na dawa nyingine, kama vile benzoili peroksaidi. Dawa iliyotiwa maji nyumbani, yenye nguvu leo na dhaifu kesho, inawapa vijidudu nafasi ya kuizoea. Na usugu haukai katika uso wa mtoto mmoja. Hupita kwa ndugu anayelala naye chumba kimoja, na pengine kwa mtu atakayeihitaji dawa hiyo kwa maradhi makubwa kuliko chunusi.

Kwa hiyo tumemshauri mama huyu, nasi tunawashauri wote, hivi:

1. Usiongeze wala usipunguze kitu chochote katika chupa ya dawa. Ikiwa imeingia ukungu au chembe ilhali ilikuwa angavu, irudishe dukani.

2. Shaka ya kileo itamkwe mbele ya daktari au mfamasia kabla ya dawa kutolewa. Si aibu. Hapa Uingereza mfamasia huzungumza na mtu bila ya malipo na bila ya miadi, na maduka mengi ya dawa yana chumba cha faragha.

3. Muulize mambo manne: imeyeyushwa kwa nini, inawekwa wapi, mwisho wake lini, na je, kuna nyingine isiyo na alkoholi. Katika habari ya chunusi, muulize pia kama inatakiwa iandamane na dawa nyingine.

4. Mtoto asiwe mkalimani wa dawa yake mwenyewe. Kijana wa miaka 15 atatafsiri lile alitakalo, au lile asiloona haya kulisema. Omba mkalimani, au nenda na mtu mzima unayemwamini.

5. Vidonge na kapsuli zilizobaki zirudishwe duka la dawa. Zisihifadhiwe kabatini kwa ajili ya siku ya dharura, na zisitumwe nyumbani kama zawadi.

6. Dawa yenye spiriti isipakwe karibu na jiko wala udi unaofukizwa, na isiachwe mikononi mwa watoto wadogo.

Mama ametuarifu kwamba chupa ile bado hajaitia maji. Alhamdulillahi. Tumemwambia aichukue kama ilivyo, ende nayo kwa mfamasia juma hili, na mwanawe awepo, aulizwe na yeye.

Wabillahi tawfiq.